Mbwa katoka Paje kaletwa Fuoni, na sisi hatulali

SWALI: Asalam aleikum dada wa maswali. Mie nakaa Fuoni, mama wa watoto watatu, na nakuandikia hapa saa nane za usiku kwa sababu kulala siwezi. Mwezi uliopita wezi waliingia uani wakatung'olea pampu ya maji, basi bwana wangu akasema dawa ya wezi ni mbwa. Rafiki yake anafanya kazi hotelini Paje, kuna mzungu alikuwa anarudi kwao akaacha mbwa wake, dume, kama wa miaka miwili hivi, rangi ya mchanga, jina lake Popo. Leo siku ya 9 tunaye. Mchana kutwa kajibana nyuma ya tangi la maji, ukimsogelea anatetemeka, usiku ukiingia ndo anaanza, anabweka mpaka alfajiri, pikipiki ikipita anabweka, paka akipita anabweka, watoto wakitoka chuoni jioni ndo usiseme, na ikiadhiniwa anainua pua juu analia ule mlio mrefu mpaka mwili unanisisimka, bibi mmoja jirani kanambia huyo anaona shetani. Jirani wa nyuma kaja mara mbili, mara ya pili kasema kama sisi hatuwezi kumnyamazisha yeye ataweza, na nimemuelewa ana maana gani. Bwana anataka kumtia mnyororo kwenye mwembe na kumchapa kila akibweka mpaka ashike adabu. Mie nisikufiche, mbwa namuogopa na sitaki anirambe, nasali, siwezi kila siku kujiosha mara saba na mchanga. Lakini usiku nikimsikia namuonea imani. Nifanyeje?
Asolala, Fuoni

JIBU: Waaleikum salam Asolala, pole na usingizi na pole na pampu. Kabla sijasema lolote mwambie bwana mnyororo auweke chini kwanza mpaka amalize kusoma hapa.

Hilo neno adabu ndilo linalompoteza. Popo hana ukosefu wa adabu, ana woga, na hivi vitu viwili kwa nje vinafanana sana lakini dawa zake haziendi njia moja. Mbwa wa Paje hajui ua ni kitu gani. Mchana analala kwenye kivuli cha mvinje au chini ya ngalawa, jua likishuka ndo anaamka, usiku anazunguka na wenziwe pwani wananusana na kufukuzana, yaani usiku ndo kazi yake ilipo. Halafu alikuwa na mtu wake, ana harufu yake na sauti yake na saa zake za kula. Siku moja katiwa kwenye gari, kapita Jozani, kateremshwa Fuoni kwenye ua wa matofali, watu hawajui, majirani hawajui, hata lugha huenda haijui, na hapo msicheke, mpigieni simu yule rafiki wa hotelini mumuulize mzungu alikuwa akimuita vipi na wakati wa kula alikuwa anamwambia nini, maneno hayo hayo mtumie kwa kuanzia, mtashangaa masikio yatakavyosimama.

Siku 9 ni chache mno. Watu wanaopokea mbwa waliotupwa wana hesabu yao ya kukadiria, siku 3 za kuduwaa, wiki 3 za kuanza kuelewa nyumba inakwendaje, miezi 3 ndo anajiona yupo kwao. Si sheria hiyo, kuna wanaotulia upesi na kuna wanaochukua mwaka, lakini mkiijua angalau hamtakata tamaa siku ya 10.

Sasa kwa nini anabweka kila kitu. Pikipiki inakuja, anaogopa, anabweka, pikipiki inaondoka. Mie na wewe tunajua dereva alikuwa anakwenda zake Mwanakwerekwe, lakini Popo kwa akili yake kaifukuza yeye, na kwa vile kila siku "inafanya kazi" basi kila siku ataongeza bidii. Ukitoka dirishani ukapiga kelele "nyamaza wee!" yeye anasikia kumbe na nyinyi mnabweka, tuko pamoja. Na ukimchapa ndo mbaya zaidi, maana anachojifunza ni kwamba pikipiki ikipita maumivu yanakuja, kwa hiyo kesho ataiogopa mara mbili. Wengine wanaochapwa sana huacha kabisa kubweka na kunguruma, mwenye mbwa anafurahi kapona, kumbe mbwa keshajifunza kung'ata bila kutoa taarifa.

Mnyororo nao nina kesi nao mwenyewe. Zamani tulikuwa na shamba Mwera, tukaletewa mbwa, anabweka hivyo hivyo, tukamfunga mnazini. Akawa anazunguka mnazi mpaka kamba inaisha, anabaki shingo imebanwa hapo hapo na jua linamuwakia, wiki ya pili akawa anabwekea hata kuku. Siku moja mtoto wa shamba la pili, ambaye ndiye aliyekuwa akimletea ukoko kila mchana, kasogea, kang'atwa mkono. Mbwa aliyefungwa hana pa kukimbilia, akiogopa njia iliyobaki ni meno tu. Yule mtoto sasa ni mtu mzima ana kovu, na kila nikimuona sokoni naona haya. Na wapo wanaofunga mdomo kwa kamba au waya, hilo msilifanye hata kwa dakika chache, mbwa hana jasho kama letu, joto lake analitoa kwa kuhema mdomo wazi, ukimfunga mdomo kwa joto hili la Unguja anaweza kufa mbele yako.

Basi mfanye nini. Pale nyuma ya tangi alipojibana muacheni hapo hapo, kachagua mwenyewe. Mwekeeni chini mbao mbili tatu asilale kwenye maji, juu makuti, ndani gunia na fulana kuukuu ya bwana isiyofuliwa, ili alale na harufu ya mtu wake mpya. Watoto waambiwe pale ni kwake, hakuna kuchungulia, hakuna kumvuta, hakuna kumfuata na simu kumpiga picha. Akitaka kuja atakuja.

Geti kama ni la nondo lenye uwazi lizibeni na makuti au turubai kuukuu, leo leo. Sehemu ya kelele za jioni mara nyingi inakwisha hapo tu, kwa sababu kinachomtia wazimu ni kuona miguu inapita. Na hao watoto wa chuoni, naomba niulize swali ambalo kila mtu wa hapa anajua jibu lake, wanamrushia mawe au hawamrushii? Kama wanamrushia basi ana haki ya kubweka, na hilo linamalizwa kwa mwalimu wao, mwende kwa upole mumuombe aseme nao.

Sasa twende kwenye adhana maana hapo ndipo nilipotaka kufika. Sikio la mbwa ni kali kuliko letu, sisi sauti nyembamba mwisho wetu ni kama hezi 20,000 (yaani mitetemo kwa sekunde), yeye anafika 45,000 na kupita, kwa hiyo spika ya msikitini ikikwaruza kidogo yeye anapata mengi tusiyoyapata. Na ile sauti ndefu inayovutwa inafanana na mbwa mwenzake anayeita kutoka mbali, basi na yeye anaitikia, hata king'ora cha gari ya wagonjwa anakiitikia hivyo hivyo. Ya shetani simo, bibi mwambie amuulize shehe.

Lakini hebu ona, adhana ni kitu kimoja katika mji mzima ambacho kinakuja mara 5 kwa siku, kila siku, hakikosi. Na mbwa mwoga hakuna anachokitaka kama kujua nini kinafuata nini. Kwa hiyo chukua chakula chake cha siku nzima, si cha kuongeza, ni kile kile, ugawe mafungu 5. Muadhini akianza tu, wewe au bwana mnamrushia dagaa au vijidonge vya ugali pale alipo, kimoja kimoja, mpaka adhana inakwisha, ikimalizika na nyinyi mnaacha. Fuateni mpango huo huo, adhana mbele chakula nyuma, msitangulize chakula, maana mkitanguliza ataanza kuwaogopa dagaa. Ile ya alfajiri si umeamka tayari, basi rusha. Siku mbili tatu za mwanzo huenda asile, ataangalia tu, akiwa hali kabisa ujue sauti imemzidi, mpelekeni upande wa nyumba ulio mbali na msikiti. Baada ya wiki mbili au tatu wengi ukiona wanavyofanya utacheka, muadhini anakohoa kwenye spika na mbwa keshakaa anakutazama mikono. (Kuna watakaokwambia rekodi adhana kwenye simu umzoeshe kwa sauti ndogo. Njia yenyewe ni ya kweli kwa sauti nyengine, kwa pikipiki au radi fanyeni, anzeni chini kabisa mpandishe kidogo kidogo kwa siku nyingi. Kuichezesha adhana kwa ajili ya mbwa mie binafsi naona vibaya, na haina haja, ya kweli ipo.)

Pikipiki ni hivyo hivyo, inasikika kwa mbali, dagaa linaanguka, imepita, dagaa basi. Na akiwa kimya, kalala zake, hajafanya lolote, pita umtupie moja. Hili watu wanalisahau sana, mbwa akinyamaza anasahauliwa akibweka nyumba nzima inatoka, sasa yeye atachagua lipi.

Umeona mpaka hapa hujamgusa. Kurusha kunatosha, tena kwa mbwa mwoga ni bora kuliko kumkurubia na kumpapasa kichwani. Awe na bakuli lake, liwe mbali na vyombo, bwana ndo aoshe. Tulivyosomeshwa sisi wa Shafii ni kwamba najisi inahama penye urutuba, kavu kwa kavu haina neno, kwa hiyo akikupitia karibu na manyoya makavu usiruke ukuta, lakini kwa hukumu yenyewe shehe wako yupo muulize, mie ni mwandishi tu. Kufuga wa ulinzi kumeruhusiwa, na yule mbwa wa watu wa pangoni katajwa ndani ya Suratul Kahf kanyoosha miguu yake mlangoni.

Usiku. Mbwa wenu usiku anaamka kwa sababu mchana kutwa kalala kwa woga. Baada ya magharibi bwana amtie ukosi na kamba ndefu amtoe nusu saa, njia za ndani zisizo na magari, wala asimkimbize wala asimvute, amuache anuse kila kigogo, kunusa nako kunamchosha mbwa. Ukosi ubane kiasi cha kuingia vidole viwili maana akishtuka atajichomoa na huyo atakuwa anaelekea Paje kwa miguu. Bwana ndiye aliyemtaka mbwa, basi kazi hii ni yake. Wakirudi, wali au ugali wa usiku msimtilie bakulini wote, mtawanyieni kwenye makumbi ya nazi auchambue mwenyewe, itamchukua nusu saa nyengine na atalala. Miiba ya samaki na mifupa ya kuku iliyopikwa itoweni, inapasuka vipande vinachoma utumbo, na vitunguu pia msimpe.

Na wiki hii hii apelekwe kwa daktari wa mifugo, Idara ya Mifugo wapo pale Maruhubi. Achanjwe kichaa kama hana kadi, atazamwe masikio, kupe, minyoo, meno, kwa sababu mbwa mwenye maumivu usiku anapiga kelele na hapo hakuna dagaa litakalomsaidia. Ulizieni na kumhasi, itapunguza kutoroka kufuata majike, lakini msitegemee itamtoa woga, hivyo ni vitu mbali mbali. Mkiona sauti yake ya kubweka imebadilika imekuwa ya kukwama, udenda unamtoka, taya limelegea au anang'ata hewa, hapo ondokeni karibu yake, muiteni daktari mara moja.

Jirani nimemuacha mwisho kwa sababu ndo mgumu. Nendeni wewe na bwana pamoja, kwake, msingoje aje mara ya tatu. Muombeni radhi kwanza, halafu mwambieni tarehe, mwambieni tupe wiki 3, tumefanya hivi na hivi, na muulizeni saa ngapi inamuudhi zaidi, pengine ana mgonjwa au anaamka saa tisa kwenda Malindi kununua samaki, mkijua saa hiyo mnaanza nayo. Mtu akishaulizwa anapoa. Ila lile neno la kunyamazisha kama mmelisikia vizuri mwambieni sheha, mkuu wenu wa mtaa, alijue, kwa sababu sumu iliyotupwa ukutani haichagui, anaokota paka, anaokota kuku, anaokota kunguru akaiangushe kwenye ua wenye watoto wanaotambaa.

Jambo moja la kuliweka akilini, usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari na siku za Idi, fataki. Hata mbwa aliyetulia siku hiyo anaruka ukuta. Muingizeni ndani ya banda au stoo mapema na mumuwekee redio.

SWALI: Dada hujambo. Mie niko Wete, nimeokota kijibwa bandarini kimekuwa kikubwa sasa, yakhe nikiwepo haina neno, nikitoka kwenda kazini inabweka mpaka inakauka sauti na mlango umetafunwa nusu. Rafiki kanambia nitie nusu kidonge cha usingizi kwenye ugali. Si vibaya?
Kijana wa Wete

JIBU: Ni vibaya. Dawa za watu hazipimwi kwa nusu kidonge cha kukisia, na zile za maumivu tulizozizoea majumbani, paracetamol na diclofenac, zinaweza kumuua mbwa. Kuna dawa za woga za mbwa, anazitoa daktari wa mifugo baada ya kumtazama, na hata hizo haziendi bila mazoezi.

Wako tatizo lake ni kuachwa peke yake. Siku ya mapumziko chukua funguo, vaa viatu, usitoke, kaa ule chai. Rudia mpaka akiona funguo hashughuliki. Halafu toka urudi kabla hajaanza kulia, hata kama ni kuhesabu 10 tu, kisha dakika 1, dakika 3, 5, na kila ukitoka muachie kumbi la nazi lililoshindiliwa ugali wa dagaa. Ukirudi usimfanyie sherehe. Kwa siku za kazi katika wiki hizo za mwanzo tafuta mtu wa kukaa naye, mzee wa jirani, mdogo wako asiye skuli, maana kila akiachwa akalia masaa sita unaanza upya. Hiyo sauti kukauka, kama inakauka kwa sababu ya kelele za kutwa na jioni anakula na kucheza, sawa, ila kama wa kuokotwa hajachanjwa usikae nalo, huenda ni kichaa, muite daktari. Nyinyi Pemba mnajua, mbwa walianza kuchanjwa kwa kampeni 2010, kichaa kikatoweka 2014, na 2016 kikarudi tena kisiwani, ikabidi kazi ianze upya. Na yeyote akikung'ata, wako au wa mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayomiminika dakika 15 kisha hospitali siku ile ile, usingoje kuona.

SWALI: Mnatufundisha kuwanyamazisha mbwa, sasa mwizi akija? Mie nilisikia mbwa wa ulinzi anapuliziwa pilipili puani awe mkali.
Mlinzi, Bububu

JIBU: Ami, huyo anayebweka paka na pikipiki na upepo tangu saa mbili usiku, saa nane mwizi akiingia nani atatoka kitandani kutazama? Si ndo hao hao wa Fuoni, watavuta shuka. Mbwa akizoea pikipiki haina maana kazoea na mtu anayepanda ukuta, sauti hizo kwake haziko karibu hata kidogo. Akitoa ya kwanza na ya pili toka na tochi, muite kwa jina, mpe chake, mrudishe alale. Pilipili puani inamuunguza, na pua ndicho kitu alichokuzidi nacho wewe na mwizi wote wawili, sasa ukishaiharibu utabaki na mbwa wa nini?